Asali ya Jiwe la Ng'ombe

Mzinga wa kwanza wa mjomba ulikufa kwa kuhara. Sitanii. Nyuki huhara kama watu, tofauti ni kwamba wao hawahangaiki kutafuta choo, wanamalizia mlangoni kwao. Likizo ile ya Juni mjomba alinichukua twende kuona mizinga yake, porini huko mbele ya Sengerema, tukakuta ubao wa mbele wa mzinga una michirizi ya njano, utadhani mpishi wa pilau kafutia mikono. Chini nyuki walikuwa wanatambaa kwenye majani makavu, matumbo yamejaa, mabawa yanatetemeka, kuruka hawawezi. Mjomba alichuchumaa akawatazama kama mwalimu anayetazama matokeo ya somo lake.

"Umewapa nini?" nikamuuliza.

"Madini."

"Madini gani, dhahabu?"

Akanionyesha jiwe. Lilikuwa jiwe la kulamba, lile jekundu lenye tundu katikati, ambalo wafugaji hulitundika zizini ng'ombe walambe wapate chumvi na madini. Mjomba alikuwa amevunja nusu nzima akaiyeyusha kwenye ndoo ya maji ya sukari, yale wanayopewa nyuki kiangazi maua yakipungua.

"Nilifuata kipimo cha ndama," akasema kwa sauti ndogo.

Nyuki, kipimo cha ndama! Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipokaa nikakalia nyuki watatu wagonjwa ambao hata hivyo walikuwa bado na nguvu ya kuuma. Niliruka kama mbuzi.

"Hao wamepona," mjomba akasema, na hakutabasamu.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya tumbo la babu.

Babu ndiye baba yao, mama yangu na mjomba. Anaishi na sisi Pasiansi, Mwanza, chumba cha uani, jirani kabisa na choo, na chumba hicho alikichagua mwenyewe. Mwaka juzi alitibiwa vidonda vya tumbo. Alimeza dawa za kuua bakteria, vikarudi, akameza tena kali zaidi. Vidonda vikapona. Ila tumbo lilifunguka na kufunga likagoma. Akapimwa: minyoo hana, amiba hana. Mama ni muuguzi, akamweleza kwamba dawa zile hupita kama fagio la mgambo sokoni, haziulizi nani mwizi nani mwenye kibanda. Zimeondoa bakteria wabaya na wema wote, na wema kurudi huchukua muda. Babu aliuliza muda gani. Mama akasema tumbo la mzee ni la mzee, halina ratiba.

Sasa, kwetu babu na mjukuu ni watani. Ananiita mke wangu, namwita mume wangu, na tunaruhusiwa kuambiana lolote, hata mbele ya padri, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Wajukuu wengine hutumia ruhusa hiyo kwa kipimo. Mimi niliitumia kama mjomba alivyotumia jiwe. Mlango wa choo chetu ni wa bati na unalia, kwa hiyo kila ulipolia mimi nilisimama barazani, nikashika mwiko kama kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, tunawaletea taarifa ya habari. Hali ya hewa leo: mvua za rasharasha asubuhi, radi mchana, na mafuriko kwa wakazi wa mabondeni."

"Mke wangu," sauti inatoka ndani, "niletee maji, acha habari."

"Maji kwa habari za hivi punde!"

Majirani walicheka ng'ambo ya ukuta. Babu naye alicheka humo humo ndani. Ndivyo ilivyokuwa, na kama babu anacheka, nani wa kunikataza?

Kilichokuwa kinamuuma si choo. Ni Nansio. Kaka yake mkubwa, ambaye sisi tunamwita babu wa Nansio, alikuwa kitandani kule kisiwani Ukerewe, miguu imevimba, moyo umechoka. Miaka minne walikuwa hawajaonana. Kila Jumapili baada ya misa alipiga simu, na babu aliiweka sauti kubwa kwa sababu masikio yake nayo yanataka mchango.

"Unakuja lini?"

"Tumbo likitulia."

"Tumbo lako lilianza kuharibika lini? Wewe ulinyea mtumbwi wa baba ukiwa na miaka saba, tukapiga kasia tumeziba pua."

"Na wewe ulikojoa kitandani mpaka siku ya harusi."

"Ndiyo, ila nilifika kanisani. Njoo, bwana. Njoo nikiwa bado najibu."

Babu alitaka kumwona kaka yake akiwa hai, basi. Hakuna shamba la kugawana, hakuna siri. Alitaka akae kwenye kiti karibu na kitanda kile watukanane ana kwa ana. Lakini meli ya Nansio inachukua zaidi ya saa tatu, na babu siku hizo hakuweza kumaliza nusu saa. Kule ndani ya meli choo kipo, ila kina foleni, na tumbo lake lilikuwa halijui foleni ni nini.

Mwezi wa nne alijaribu. Tulifika mpaka kwenye geti la bandari, mimi nimebeba begi, mama ameshika tiketi. Hapo getini, wakati askari anakagua mizigo, babu akasimama ghafla, akanyamaza, akafumba macho. Tulirudi nyumbani kwa bajaji. Nilimpa gazeti akalikalia, nikamwambia, "Mume wangu, Mwanza nzima ni wewe peke yako unayesoma gazeti kwa upande huo." Dereva alicheka mpaka bajaji ikayumba. Mama alinipiga kibao cha mgongo. Babu alitazama nje njia nzima, na sikumbuki kama siku hiyo alicheka. Nafikiri hakucheka.

Mjomba ana diploma ya mifugo na simu yenye bando, mchanganyiko mbaya. Alisoma mahali kwamba nyuki wakilishwa madini kidogo, madini hayo hupita kwao yakaingia kwenye asali na kwenye chavua, na kwamba kuna watu huko duniani wanachunguza jinsi vitu hivyo vinavyosaidia bakteria wa tumbo. Akaja kutuhubiria barazani.

"Baba, tumboni mwako kuna mji," akaanza. "Bakteria wamejaa kuliko watu wa Mwanza. Kuna raia wema, kuna vibaka. Zile dawa zilipita zikapiga wote. Sasa vibaka wamerudi kwanza, maana vibaka ndio huwahi."

"Na raia?" babu akauliza.

"Raia wanataka chakula. Ndani ya asali kuna sukari nyingine ambazo tumbo la juu haliziwezi. Zinashuka mpaka chini, raia wema wanazila, wanazaana. Na madini, zinki kwa mfano, yanasaidia kutengeneza ukuta wa utumbo."

"Kama kupiga lipu."

"Kama kupiga lipu, baba. Halafu kuna antioksidanti."

"Huyo naye nani?"

"Mwili unapata kutu. Ukipumua tu, unapata kutu kidogo. Antioksidanti ni kama rangi ya mafuta unayopaka kwenye geti lisiliwe."

"Umechelewa mjomba," nikadakia. "Geti hili limeshaoza bawaba. Halifungi."

Mama, kutoka jikoni, aliniita kwa majina yangu yote mpaka la ubatizo.

Baada ya mzinga wa kwanza kufa, mjomba alipunguza. Nusu jiwe likawa ncha ya kisu kwa ndoo. Nyuki wa mizinga mingine walisusa siku mbili, kisha wakanywa, wakaishi. Mwezi wa nane alileta asali, chupa mbili, nyeusi kama mafuta ya gari yaliyotumika. Ukiilamba, kwanza utamu, halafu ladha ya msumari. Mama aliinusa, akailamba, akalala nayo tumboni siku tatu yeye mwenyewe kabla ya kutoa amri.

"Kijiko kimoja cha chai, asubuhi na jioni, ndani ya kikombe cha mtindi. Mtindi ndio wenye bakteria walio hai, asali iwe chakula chao. Na wewe," akamgeukia mdogo wake, "mzee akizidiwa, nitakulambisha hilo jiwe mpaka liishe."

Mjomba alitaka kumbukumbu ziandikwe, kisayansi, na kazi hiyo ikaniangukia kwa kuwa nasoma Baiolojia na ninakaa karibu na mlango unaolia. Nyuma ya daftari langu nikapiga mistari. Wiki ya kwanza babu alikwenda mara tisa kwa siku, mara nyingine kumi. Wiki ya tatu ikawa sita. Babu alianza kukaa barazani mchana, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Pasaka. Alinyoa ndevu. Mjomba alipiga simu kila jioni, "Leo ngapi?" kama mtu wa kubeti anayeulizia magoli.

Halafu nikaila mimi.

Rafiki zangu wawili wa darasani walikuja kufanya mazoezi ya Hesabu. Kulikuwa na mkate, chai ya rangi, na asali ile juu ya kabati. Nikawaambia ni asali maalumu, ya madini, ukila kijiko kimoja unafaulu, vijiko viwili unapata mchumba. Tulikula chupa moja yote. Kesho yake wakarudi, wakisema bado hawajapata mchumba, tukamaliza na ya pili. Hatukufaulu pia.

Mjomba alikuwa Sengerema na mavuno mengine yalikuwa mbali. Nilichemsha sukari mpaka ikawa nyeusi, nikakamulia limau, nikatia chumvi kidogo kwa ajili ya ladha ya msumari, nikajaza chupa zote mbili. Jioni babu alikoroga mtindi wake, akaonja, akatulia.

"Leo asali imekomaa," akasema.

Nilitoka mbio nikaenda kucheka nyuma ya tangi la maji.

Nilitarajia mvua zirudi. Wapi! Mara tano. Mara nne. Ikafika wiki nzima babu anakwenda mara mbili kwa siku kama mtumishi wa serikali, asubuhi na kabla ya kulala. Na mimi ninapiga mistari ile, ninamwona anaushukuru mzinga, anamwombea mjomba baraka kabla ya kula, na ndani ya kikombe ni sukari ya dukani na mtindi. Mwezi mzima nilitembea na kichekesho hicho kimenijaa mdomoni kama maji.

Nilimuuliza mwalimu wa Baiolojia, kwa mfano tu, mtu akila dawa feki akapona, ina maana ile ya kweli haifanyi kazi?

"Wagonjwa wangapi?" akauliza.

"Mmoja."

"Anakula kitu kingine?"

"Mtindi. Kila siku."

"Na siku zinapita zenyewe?"

"Ndiyo mwalimu, zinapita."

"Basi hujui kama ni asali, ni mtindi, ni siku, au ni furaha ya kutunzwa. Hujathibitisha kwamba inafanya kazi, na hujathibitisha kwamba haifanyi. Ulichothibitisha ni kwamba umekula asali ya mtu."

Darasa zima liliangua kicheko. Alijuaje, sijui mpaka leo.

Babu akapanga safari. Jumamosi. Mama akanyoosha suti ya kijivu. Babu alimpigia kaka yake siku ya katikati ya wiki, bila kusubiri Jumapili.

"Jumamosi nipo kwako."

"Uje na suruali ya pili."

"Sihitaji. Nimepona."

 Babu wa Nansio akasema, "Basi nitawaambia wanikalishe kwenye kiti," na simu ikakatwa, maana hao wawili hawakuwa na namna ya kuagana.

Ijumaa mchana mjomba alifika na chupa mpya za asali, tukala sato pamoja, na majirani wawili watatu wakakaribishwa. Watu waliposhiba mjomba akasimama. Raia wema, vibaka, lipu, kutu, akahubiri yote. Majirani walikuwa wanamcheka kiupole, wakisema asali ya ng'ombe hiyo, tutaota pembe. Mjomba akamwomba babu atoe ushuhuda, na babu akasimama kweli, na suruali yake safi, mkono juu ya bega la mwanawe.

"Mimi nilikuwa mfungwa," babu akasema. "Gereza langu mnalijua, lina mlango wa bati. Kijana huyu na wadudu wake wamenitoa. Kesho namwona kaka yangu."

Wakapiga makofi. Na mimi nikasema.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Hakuna aliyenishika mkono. Watu walikuwa wanacheka vicheko vidogo na mimi nilikuwa na kikubwa kimeiva, basi. Nikasimama juu ya kigoda, nikashika mwiko.

"Mabibi na mabwana, habari zilizotufikia hivi punde. Asali ya mjomba ililiwa na wanafunzi watatu wa sekondari mwezi mmoja uliopita. Mgonjwa amekuwa akitibiwa kwa sukari ya kupikia chai na limau la jirani. Mgonjwa ameota mbawa. Nyuki wote wako likizo."

 Jirani mmoja akapasuka, na wote wakafuata, wakapiga mapaja, mmoja akamwaga soda. Babu alicheka kuliko wote. Alikaa chini, akatoa leso, akafuta macho.

"Mke wangu amenilisha sukari," akasema, "mwezi mzima, na mimi naimba sifa za nyuki!"

Mjomba hakucheka. Alichukua chupa ile kutoka kabatini, akafungua, akanusa, akafunga kifuniko taratibu. Akafungua tena, akafunga tena. Mama aliondoa sahani moja moja bila kunitazama.

Jumamosi mlango wa bati ulianza kulia kabla sijaamka. Chai haijaiva, babu ameshakwenda mara sita. Alikuwa amevaa kabisa, suti ya kijivu, na nilipopita uani niliona viatu vyake vizuri chini ya mlango wa choo, vimeng'arishwa, vimetulia pamoja.

"Baba," mama alimwambia kutoka nje, "tumbo ni lile lile la jana. Jana asubuhi lilikuwa zima."

"Tumbo la jana lilikuwa halijui," babu akajibu.

Alipotoka, mjomba alikuwa amesimama na chupa mpya mkononi. "Hii ni yenyewe, baba. Nimeivuna mimi, nimeifunga mimi, hakuna aliyeigusa."

Babu aliitazama chupa, akanitazama mimi, akaitazama tena chupa.

"Na nitajuaje?" akasema.

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Meli iliondoka. Alimpigia kaka yake akiwa ameketi kitandani na viatu miguuni, na sauti kubwa kama kawaida.

"Umekwama tena?" sauti ya Nansio ikauliza. Ilikuwa nyembamba kuliko ya katikati ya wiki.

"Nimekwama."

"Nani kakufungia safari hii?"

Babu alinitazama. "Mke wangu."

Babu wa Nansio alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka mtu mwingine akaichukua simu kutoka mkononi mwake. Jumanne asubuhi alikufa.

Kuanzia saa ile ya taarifa, babu aliacha kula. Si kwa kilio. Alipanga. Mazishi yalikuwa Alhamisi, meli ya kuvuka ni Jumatano. Ugali akakataa, mtindi akakataa, uji akakataa. Mama alimwambia mzee wa umri wake ataanguka, akamtengenezea maji ya chumvi na sukari, babu akanywa kwa funda, mafunda mawili, akarudisha kikombe. "Tumbo tupu halina cha kutoa," alisema. Bakteria wema, wabaya, raia na vibaka, wote aliwafungia njaa, na akavuka ziwa hivyo. Njia nzima alikaa kwenye benchi, mikono juu ya fimbo, macho kwenye mlango wa choo cha meli, kama mtu anayemchunga ng'ombe mkali. Hakwenda hata mara moja. Mimi nilikaa pembeni yake zaidi ya saa tatu bila kutoa mzaha wowote. Watu wasidhani nilikuwa na huzuni. Niliogopa asije akacheka, tumbo likaamka.

Alhamisi alisimama ibada yote. Alisimama kaburini. Alitupa udongo wake, akarudi kwenye turubai kwa miguu yake. Mama na mjomba walikwenda kusaidia wengine, na mimi nikabaki naye. Kisha chakula kikaanza kugawiwa, ugali wa muhogo na sangara wa mchuzi, na sahani ya kwanza wakaileta kwa babu, yeye ndiye mkubwa aliyebaki.

"Nashukuru," babu akasema. "Wapeni wengine."

Sahani ikarudi. Ikaletwa tena, na safari hii aliyeileta ni mjane mwenyewe, mke wa marehemu, kanga yake imefungwa kiunoni, macho yamevimba.

"Shemeji, hata chakula cha msiba wa kaka yako?"

"Nimeshiba, shemeji."

Watu wakaanza kutazamana. Nyuma yetu mzee mmoja akasema, bila hata kupunguza sauti, "Miaka minne hakuja. Kasubiri mpaka mwenzake kafa." Na mwingine, mwanamke, akamalizia: "Chakula chetu anakiogopea nini? Anadhani tunaua watu hapa?"

Hilo la pili lilikuwa zito. Ukikataa kula kwenye msiba wa ndugu yako umewatangaza wenyeji kuwa wachawi au walisha sumu, na maneno hayo yakishapandwa hayang'oki, watoto watarithi. Mjane alikuwa bado ameshika sahani. Akanigeukia mimi.

"Mjukuu wangu, hebu wewe sema. Babu yako ana nini?"

Turubai zima likanigeukia. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo lote, tumbo, getini bandarini, nyuki, chupa mbili, kwa nini hakufika Jumamosi. Ningelisema vizuri, hata wangecheka, na yale maneno ya sumu yangekufa pale pale. Nikafungua mdomo. Na kweli, mbele ya Mungu, sikuwa nimechagua bado nitasema nini.

Babu aliuona mdomo wangu. Akanyoosha mikono yote miwili, haraka kuliko nilivyowahi kumwona akifanya kitu chochote, akaichukua sahani.

Akala. Alimega ugali tonge kubwa kubwa, akachovya, akameza, huku ananitazama mimi, na hakuacha kunitazama mpaka samaki akabaki miiba. Mjane alilia akasema asante shemeji. Wazee wa nyuma wakarudi kwenye sahani zao. Mimi nilikuwa nimeufunga mdomo wangu zamani.

Hazikupita dakika kumi. Alisimama, akachukua fimbo, akazunguka nyuma ya nyumba kuelekea choo cha shimo, kile cha mlango wa gunia. Nilimfuata kwa mbali. Nikasimama njiani, pale migomba inapoanza. Akaja kijana mmoja anafungua mkanda, nikamwambia choo kimejaa, nenda kwa jirani. Wakaja wanawake wawili, nikawaambia kuna siafu. Jua lilikuwa kali na inzi wengi, na ndani ya gunia nilisikia kila kitu, nikatazama migomba.

Baadaye sana pakatulia.

"Nani yuko hapo?" babu akauliza kutoka ndani. Sauti ilikuwa imeisha.

"Ni mimi, mume wangu. Nikuletee maji?"

 Inzi walikuwa wanaingia na kutoka pembeni ya gunia.

"Mwite mama yako," akasema.

Nikaenda kumwita.